Treni Chafu ya Kaka Yangu

Kuna watu wakistaafu hulima bustani. Wengine huoa tena. Kaka yangu alipostaafu kazi ya reli aliamua kuchafua vitu visafi, na shughuli hiyo ameivalia njuga kuliko alivyowahi kuivalia kazi iliyokuwa ikimpa mshahara.

Nieleze vizuri nisije nikaonekana namsingizia. Kaka ananunua treni za plastiki za watoto, zile za rangi za kung'aa zinazouzwa kwenye lundo la mitumba. Anazileta nyumbani, anazivunja, anazikata, anaziongezea bati la makopo na vijiti, mpaka zinageuka kuwa mabehewa ya matengenezo ya reli: behewa la kokoto, behewa la mataruma yanayolaliwa na reli, behewa la vyombo, behewa la kulala wafanyakazi, na kreni yenye mkono mrefu wa kunyanyulia vyuma. Mita moja ya kweli kwake ni sentimita mbili za mezani, na ukimwambia milimita moja si kitu anakutazama kama umemtukania mama, ambaye ni mama yangu pia. Behewa likishakamilika, likiwa zuri, limenyooka, ungedhani kazi imekwisha. Wapi. Hapo ndipo anapoanza kulichafua.

Kutu anaipika mwenyewe. Anachukua stilwaya yangu ya kusugulia sufuria, anailoweka kwenye siki yangu, ndani ya gilasi yangu, anaianika dirishani kwenye jua mpaka maji yawe ya rangi ya chungwa. Vumbi la kokoto anatengeneza kwa chaki yangu ya kuchorea vitambaa, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na ndani ya nyumba hii chaki ni mali ya umma. Rangi ikiwa mpya mno anaipaka majani ya chai yaliyochemka ili ionekane imepigwa jua miaka kumi. Kisha kuna chumvi. Anapaka kwanza rangi ya kutu, anainyunyizia chumvi ikiwa na unyevu, anapuliza rangi nyingine juu yake, na ikikauka anaisugua kwa mswaki. Pale palipokuwa na chumvi rangi inabanduka, kutu inachungulia. Nimeishi na watu wengi wanaotia chumvi kwenye habari zao. Huyu ni wa kwanza kumwona akitia chumvi ili mambo yafanane na ukweli.

"Dada," ananiita, nami nina nguo ya bibi harusi mapajani, "hebu tazama. Hii kutu imekaa sawa?"

"Imekaa kama kutu."

"Kutu ya mvua au kutu ya mafuta?"

"Kaka, kutu ya kunichelewesha."

Anacheka, anaandika kitu kwenye daftari lake. Ana daftari zima la madoa. Mtu aliyeshindwa kukumbuka siku ya kuzaliwa ya marehemu mke wake anakumbuka kwamba behewa la vyombo lilikuwa na doa la grisi upande wa kushoto, chini ya kitasa, lenye umbo la sikio. Tunaishi pamoja mwaka wa tisa huu, tangu mimi nifiwe na mume na yeye afiwe na mke. Sebule tumegawana, cherehani upande wa dirisha, karakana yake upande wa mlango. Mpaka wetu ni ukingo wa mkeka, na haujawahi kuheshimiwa hata siku moja.

Kitu kimoja nilikichukia ndani ya nyumba hiyo kuliko siki na kutu. Mlangoni mwa chumba chake cha kulala kulikuwa na chuma, kinene kama kifundo cha mkono, urefu wake kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Alikuwa anakitumia kuzuilia mlango usijibamize kwa upepo. Nilikikuta siku niliyohamia, na tangu siku hiyo kikawa kinanivunja vidole vya miguu kila nikipita na ufagio. Katikati kilikuwa cheusi kwa masizi, ncha zote mbili safi. Siku moja nilikitoa nje nikisugue kwa mchanga, angalau kinivunje vidole kikiwa kisafi. Kaka akatoka mbio, mtu wa magoti mabovu, akanipokonya.

"Hicho kiache kilivyo."

"Chuma tu hiki."

"Kiache, dada."

Nikamwachia. Nikajisemea, haya, sasa uchafu umeanza kutunzwa kama urithi.

Kila Jumamosi alasiri alikuja mgeni mmoja, huyo huyo, wamefanya kazi pamoja tangu ujana. Kaka alikuwa mnyapara wa gengi la kutengeneza njia, na mpaka leo mgeni wetu humwita Mnyapara. Yeye aliendesha kreni, na watu humwita Winchi. Nasikia alikuwa akinyanyua kipande cha reli na kukilaza juu ya mataruma taratibu kiasi kwamba ungeweza kuweka yai chini lisivunjike. Hayo kaka alinisimulia mara nyingi, na kila akisimulia sauti yake ilikuwa inapungua.

Miaka ishirini na mbili iliyopita treni yao ya kweli ya matengenezo ilikuwa imelala porini kwa kazi. Asubuhi ikaja amri iondoke haraka, kuna njia imekatika mbele. Mkono wa kreni, treni ikiwa inasafiri, hufungwa kwa pini moja nene ya chuma ili usizunguke. Siku hiyo kwenye kona ya kwanza mkono ulizunguka wenyewe, ukapiga pembe ya behewa la kulala, ukaikunja kama karatasi. Hakufa mtu. Mpishi tu aliumia mguu. Lakini hapakuwa na pini kwenye tundu lake, na kufunga pini ni kazi ya mwendesha kreni. Winchi akaapa kwamba aliifunga jioni iliyotangulia. Wakubwa wakaitisha kikao, wakaandika uzembe, wakamshusha kwenye kreni. Mtu aliyekuwa akinyanyua tani ishirini kwa kidole alimalizia utumishi wake akinyanyua mti wa geti pale reli inapokatiza barabara, ili mbuzi wapite.

Kupoteza cheo ungeweza kumwonea huruma, yakapita. Lililobaki lilikuwa baya zaidi. Winchi aliapa mwaka wa kwanza, wa pili akaapa kwa sauti ndogo, wa tatu akaanza kujishuku. Akifunga mlango wake anarudi mara tatu kuutikisa. Akitoka kwetu anafika njia panda, anarudi kuniuliza, "Dada, geti nimelifunga?" Mjukuu wake wa kwanza hakuwahi kumbeba akiwa mchanga. Alisema mikono yake inasahau. Hata mwaka huu, binti yake alipojifungua tena, Winchi akienda kumwona mtoto anakaa na mikono imefumbatwa kwapani kama mtu anayeona baridi.

Na kila Jumamosi, kikombe cha pili kikifika nusu, lile swali lake lilitoka.

"Mnyapara, hivi jioni ile nilifunga pini au sikufunga?"

Kaka alikuwa na jibu moja. "Mambo ya zamani hayo. Kunywa chai, inapoa."

Mimi nikishona, nikiona kaka amekuwa mwema, hataki kumtonesha mwenzake kidonda. Mjinga mimi.

Basi mwaka jana akaja afisa wa reli. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa kiasi kwamba ungeweza kujitengenezea nywele ukivitazama. Stesheni inafungua chumba cha kumbukumbu, akasema, na treni ya kweli ya matengenezo ilishakatwa vipande ikauzwa chuma chakavu, kwa hiyo ya kaka ndiyo pekee iliyobaki duniani. Kaka akampangia mabehewa mezani. Afisa akayazunguka, ameweka mikono mgongoni.

"Mzee, kazi nzuri sana. Sasa utaisafisha lini?"

Nikaikanyaga pedeli ya cherehani kwa nguvu ili nisisikike nikicheka.

"Hii imekwisha," kaka akasema.

"Lakini ni chafu, mzee. Watakuja wageni rasmi."

"Treni ya matengenezo ikiwa safi, maana yake haijafanya kazi."

Afisa akatabasamu tabasamu la ofisini, akasema watalizungumza. Akauliza kreni iko wapi. Kaka akasema bado.

Na kweli ilikuwa bado. Mabehewa mengine yote aliyamaliza kwa mwezi au miwili. Pembe iliyokunjika ya behewa la kulala aliikunja kwa alasiri moja, kwa kijiko changu alichokipasha moto, ikatokea vizuri hata mimi nikahisi mguu wa mpishi unauma. Kreni ikakaa miezi sita. Anaishika, anaiweka. Anafungua daftari la madoa, anatazama ukurasa, anafunga. Nilidhani ni uzee. Kisha sindano zangu za cherehani zikaanza kupotea, zile nene za kushonea jinzi. Nikamkuta amekata moja, amebaki na kashina kake, kadogo kama punje ya mchele, anakapulizia moshi wa mshumaa kwa mrija, anakatazama, anakafuta, anaanza upya. Siku nne nzima, kwa kitu ambacho ukikipigia chafya hukioni tena.

"Kaka," nikamwambia, "ukimaliza hiyo mshonee na chawa koti."

Hakucheka. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza.

Kreni ilipokamilika alimwita Winchi, siku ya Jumatano. Winchi alifika amevaa shati la kutokea, akidhani kuna msiba. Kaka akamkalisha, akanikalisha na mimi, akamwekea kreni mbele na kumpa kioo cha kukuzia.

"Wewe ndiye unayeijua," akasema. "Niambie nilipokosea."

Sijawahi kumwona Winchi na furaha ile. Aliinama juu ya ile kreni kama mtu anayemtafuta ndugu kwenye picha ya zamani. Akaona ngazi iliyokosa kidato cha tatu. Akaona mafuta yanavyochuruzika kwenye gia, akaona rangi iliyobanduka mlangoni pale alipokuwa akiegemeza bega kila siku. "Mpaka bega langu umeliweka," akasema, akajipapasa lile bega. Akafuata mkono wa kreni kwa kioo, polepole, mpaka kwenye tundu. Pini haikuwa ndani ya tundu. Ilikuwa imelazwa pembeni, juu ya ubao, imegandishwa kwa gundi.

Akakisogeza kioo karibu zaidi.

"Mnyapara," akasema. "Hii pini mbona ina masizi katikati?"

Kaka alikuwa anatazama mkeka. Mimi, ambaye weusi ule naujua kwa vidole vya miguu, niligeuka nikatazama mlango wa chumba chake. Kaka akanyanyuka, akaenda, akarudi na kile chuma, akakilaza mezani kando ya treni. Mabehewa yakatikisika.

"Tulikosa kitu cha kuning'inizia birika," akasema. "Asubuhi ile. Nikaichomoa. Nikaiweka juu ya mawe mawili, moto chini yake. Amri ikaja, tukakimbia. Nilirudi kesho yake na kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, nikaikuta palepale kwenye majivu."

"Kwenye kikao walikuuliza," Winchi akasema.

"Waliniuliza kama nilikuona ukifunga. Nikasema sikukuona."

"Hukuniona."

"Sikukuona. Jioni ile nilikuwa nimekupa mgongo. Lakini asubuhi niliikuta imefungwa, na ni mimi niliyeichomoa."

Winchi akakishika kile chuma kwa mikono miwili, akakipima uzito. Alikijua, uliona mikono ilivyokijua. Nilingoja amtukane. Nilitaka amtukane, na kama angekosa maneno ningemwazima.

"Hiyo chai," akasema mwishowe, "angalau ilichemka?"

Kaka akatikisa kichwa. "Tuliitwa kabla."

"Haikuchemka."

"Haikuchemka."

Winchi akasogeza kando kikombe nilichommiminia. Akanyanyuka, kile chuma kwapani, akaniaga mimi peke yangu, akatoka. Nilimtazama dirishani. Alifunga geti, akaenda zake mpaka njia panda, akakata kona. Hakurudi kuuliza.

Nilikasirika, nasema wazi. Nilimwambia kaka maneno ambayo sikumwambia hata marehemu mume wangu, na yule aliyastahili mengi. Nilimwambia miaka ishirini na mbili unamnywesha mtu chai kila Jumamosi, chai hiyo hiyo, na huoni haya. Nilimwambia umemwacha mtu aiogope mikono yake mwenyewe. Nilimwambia mdomo unao, mbona umelazimika kusema kwa sindano yangu.

"Kila nikifungua mdomo nimwambie," akasema, "ananiita Mnyapara, nashindwa."

"Kwa hiyo ukaona upake rangi."

"Nilijaribu kuipaka safi," akasema. "Ile pini ndogo. Mara tatu niliipaka safi. Haikuwa yenyewe."

Nikarudi kwenye sare zangu, nikashona mikono miwili yote upande wa kushoto, nikafumua, nikaanza upya.

Jumamosi ilipofika kaka alipanga vikombe vitatu. Na iliyofuata. Chai ilikuwa inapoa, anaimwaga, anaosha vikombe vyote vitatu, hata kile kisichotumika. Siku za katikati aliandika barua kwenda ofisi ya reli, kurasa mbili, akaeleza yote, akataka jina la Winchi lisafishwe kwenye faili. Ofisi ikamjibu kwa heshima kubwa kwamba barua yake imepokelewa. Baada ya wiki tatu ikamjibu tena kwamba faili la mwaka ule lililiwa na mchwa, kwa hiyo hakuna uzembe wowote uliorekodiwa, na wanamtakia mapumziko mema. Yaani kitu kilichomwangusha Winchi mchwa walishakila zamani, na hakuna aliyepata wazo la kumwambia. Kaka akapiga nakala ya ile barua yake, akaenda kuipenyeza chini ya mlango wa Winchi mwenyewe, akarudi amechoka. Hakugonga.

Siku ya kufungua chumba cha kumbukumbu tulikwenda mimi na kaka, yeye ndani ya koti la harusi yake ambalo nililitanua kiunoni kwa vipande vya kitambaa kisichofanana sana. Treni ilikuwa kwenye meza ya kioo katikati, bado haijafunikwa kwa kioo chake. Ilikuwa chafu kabisa, inapendeza. Wageni rasmi walikuwa hawajafika, kama kawaida ya wageni rasmi. Afisa alikuwa anazunguka na kitambaa, anafuta vioo, anafuta fremu za picha, anafuta kila kisichoweza kukimbia.

Ndipo akaingia Winchi. Lile shati la kutokea, binti yake nyuma, na mkononi mwa Winchi, kwenye mkono wa kushoto, mtoto mchanga amelala. Kaka alisimama. Winchi hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaanza kukagua treni, behewa baada ya behewa, huku akimtikisa mtoto bila kujua anamtikisa.

Afisa naye akafika pale na kitambaa chake. Akainama kwenye kreni, pale kwenye ile pini ndogo, akakunja uso.

"Hiki nacho kimeungua," akasema. "Ngoja nikipe mng'aro kidogo."

Kitambaa hakikufika. Winchi alikuwa amemshika afisa kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kulia, wala hakubana. Yule kijana hakuweza kusogea hata kidogo.

"Vingine futa," Winchi akamwambia taratibu, mtoto asiamke. "Hayo masizi usiyaguse. Hayo ni yangu."

Afisa akatafuta msaada kwangu. Nikamtazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyekosea vipimo. Akaondoka kwenda kufuta dirisha.

Winchi akabaki mezani kidogo. Kisha akageuka, akamwendea kaka, akasimama mbele yake. Wazee wawili, na kati yao kitoto kinachonukia maziwa. Sikuwa na amani. Nilijua kaka akifungua mdomo tu atalia mbele ya watu, na koti lile haliwezi kwikwi, mshono wa mgongoni ungeachia.

"Mshike," Winchi akasema, akampa mtoto. "Nataka kuangalia ile ngazi vizuri kwa mikono miwili. Na usimweke chini uende kuchemsha chai."

Kaka alimpokea. Alisimama pale sherehe nzima, hotuba zote tatu, magoti yale mabovu, amemkumbatia mtoto wa watu kwa mikono yote miwili. Nilimletea kiti. Hakukikalia.